Mwongozo si Mahali pa Utani wa Maneno

Neno la kubuni lina mahali pake, na neno la utani lina mahali pake. Mahali pake ni kwenye ushairi, kwenye tamthilia, kwenye safu za magazeti, kwenye semina za istilahi na kwenye kijiwe cha kahawa. Si kwenye ukurasa unaomwelekeza mtu jinsi ya kuwasha pampu, kupima dawa ya kunyunyizia nyanya, au kutuma fedha kwa simu. Na ikiwa ukurasa huo utasomwa na mtu ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, basi kuupamba kwa maneno ya kubuni ni kumnyima maarifa huku tukijisifu kwamba tumempa.

Naandika haya nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda, na nawaandikia wanafunzi wenzangu pamoja na walimu wetu, kwa sababu kosa hili ni letu. Mkulima hakulianzisha. Fundi hakulianzisha. Limeanzia madarasani, ambako tumefundishwa kuamini kwamba kadiri msamiati unavyokuwa mgeni, ndivyo mwandishi anavyokuwa hodari.

Tuanze na msomaji mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili huku kwetu amejifunza lugha hii vipande vipande: kidogo shuleni, kidogo sokoni, kidogo kwenye redio, kidogo kwa madereva wa malori yatokayo Mombasa. Anapokutana na neno asilolijua hafungui kamusi, kwa kuwa hana. Analipasua neno lenyewe na kutafuta ndani yake mzizi anaoufahamu, ama wa Kiswahili ama wa lugha ya mama. Hivi ndivyo anavyosoma, na hivi ndivyo sisi wote tulivyosoma mwanzoni. Mara nyingi njia hii humsaidia, maana lugha zetu ni ndugu. Mbuzi wa Kiswahili ndiye embuzi wa Kiganda, na kulima ni okulima. Lakini neno likibuniwa bila kumfikiria msomaji huyu, njia hiyohiyo humpoteza.

Chukueni neno "nywila", ambalo limeenea katika tafsiri za programu za kompyuta. Mwandishi ameandika: "Weka nywila yako." Muganda, Mnyankole, Mnyarwanda na Mrundi wote wana kitenzi cha kunywa, kilekile alichonacho Mswahili. Wataona nini ndani ya "nywila" kama si kinywaji? Wataona kitu cha kunywea, na watabaki wakikodolea macho kioo cha simu. Sasa linganisheni na huduma za kutuma fedha kwa simu, ambazo zilianza Kenya mwaka 2007 kwa M-Pesa kisha zikaenea katika eneo letu lote. Huko Tanzania mteja huambiwa aweke "namba ya siri". Hakuna aliyehitaji semina kulielewa. Namba anaijua, siri anaijua, na akiyaunganisha maneno hayo mawili anajua pia kwamba hapaswi kumwambia mtu. Maana na onyo vimo ndani ya maneno yaleyale. Palipokuwa na fedha za watu, lugha iliyofanya kazi ni ile iliyo wazi. Kwa nini basi, pale tunapoandika sisi wasomi, tunaiona lugha hiyo kuwa duni?

Mifano ni mingi. Vitabu vya Kenya vimetuzoesha "tarakilishi", na wengine wakaleta "ngamizi", neno ambalo kila anayejua kitenzi cha kuangamiza atalisikia kama jina la silaha. Tanzania watu wanasema kompyuta, nasi Uganda tunasema kompyuta. "Runinga" na "rununu" yanafanana kama mapacha, lakini la kwanza ni televisheni na la pili ni simu ya mkononi. Mzungumzaji wa Unguja huenda akacheka tu akiyachanganya. Mwanafunzi wa Gulu anayasoma kwa mara ya kwanza katika kijitabu cha kuunganisha vifaa, na kwake kuyachanganya ni kuchomeka waya mahali pasipofaa.

Upo pia utani wa mtaani. Mwandishi kijana anataka mwongozo wake uwe na ladha, basi anaandika "buku tano" badala ya shilingi 5,000. Msomaji wa Kampala atatafuta vitabu vitano. Mwingine, akikosa jina la kifaa, anaandika "dude hili" au "ile nanihii ya pembeni". Mswahili anajua kwamba dude ni kitu ambacho jina lake halijulikani au halitajwi. Mganda aliyesoma kwa Kiingereza atalisoma neno hilohilo kama namna vijana wa Marekani wanavyoitana, na atashangaa kijana huyo ameingiaje kwenye betri ya sola.

Nina mfano wa darasani. Tulipewa zoezi la kutafsiri mwongozo wa pampu ndogo ya petroli, zile ambazo wakulima hutumia kuvuta maji mtoni. Tafsiri iliyopigiwa makofi iliita pampu "kivutamaji". Valvu ikawa "kizuiarudi". Mpira wa kuvutia maji ukawa "mnywesho". Mhadhiri alisifu ubunifu, nasi tukaandika maneno hayo kwenye madaftari yetu. Mimi nilichukua nakala ya tafsiri ile nikampelekea fundi mmoja wa pampu anayeishi jirani na kwetu, mtu mzima aliyejifunza Kiswahili kazini na anayekisoma bila shida. Alifika kwenye sentensi iliyosema: "Jaza kivutamaji maji kabla ya kukiwasha." Akaniuliza, "Mwanangu, hiki kivutamaji ni mpira au ni mashine? Maana vyote viwili vinavuta."

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko tafsiri yetu. Pampu ya aina hiyo haivuti hewa vizuri. Ni lazima tumbo lake lijazwe maji kwanza, la sivyo itazunguka kavu, itapata moto, na sili inayozuia maji itaharibika. Sentensi ile moja ndiyo inayoamua kama mashine ya mkulima itadumu au itakufa siku ya kwanza. Nasi tulikuwa tumeiandika kwa neno linaloweza kumaanisha vitu viwili, wakati neno "pampu" lilikuwepo, linajulikana kuanzia Busia hadi Kasese, na lina maana moja. Fundi hakuwa mjinga wa Kiswahili. Kiswahili chetu ndicho kilichokuwa kimemkimbia.

Msidhani ugonjwa huu ni wa Kiswahili peke yake. Wanaojifunza kuandika programu za kompyuta wanaujua kutoka kwa Waingereza na Wamarekani. Katika miongozo yao, kitu kisicho na jina huitwa "foo", na cha pili huitwa "bar". Maneno haya hayana maana yoyote katika somo lenyewe. Ni utani wa wahandisi uliozoeleka mpaka ukawa desturi, na tarehe 1 Aprili 2001, siku ya wajinga, ulichapishwa waraka mzima katika mfululizo rasmi wa nyaraka za intaneti kueleza asili ya "foo". Mwanafunzi wa Mbale anayefungua somo lake la kwanza hajui kwamba ni utani. Anadhani "foo" ni amri ya kompyuta anayopaswa kuikariri. Na "bar" akiisoma kwa sauti inakuwa baa, yaani mahali pa pombe, au balaa.

Lugha ya Python ina kisa kama hicho. Jina lake halikutokana na chatu. Lilitokana na kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza, Monty Python, kilichoanza kurushwa mwaka 1969. Waandishi wa miongozo yake wakahimizwa kuendeleza mzaha huo, na ndiyo maana mifano yake imejaa "spam" na "eggs", nyama ya kopo na mayai, kutokana na kichekesho kimoja cha hotelini. Aliyekiona kichekesho hicho anatabasamu na kuendelea. Asiyekiona anabaki akijiuliza nyama ya kopo inahusiana vipi na hesabu. Mwandishi angeandika "bei" na "idadi", mwanafunzi angeelewa mara moja kwamba bei mara idadi ni jumla ya fedha. Utani unahitaji watu waliokulia pamoja. Mwongozo huandikwa kwa ajili ya watu ambao hawakukulia pamoja.

Wapo walioliona tatizo hili wakalishughulikia kwa ukali, nao ni watengenezaji wa ndege. Mafundi wa ndege wanatoka kila nchi duniani, na wengi wao Kiingereza wamekikuta ukubwani. Kwa hiyo mwaka 1986 chama cha viwanda vya ndege vya Ulaya kilitoa kanuni za Kiingereza kilichorahisishwa kwa ajili ya miongozo ya matengenezo. Kanuni hizo bado zinatumika, zikiwa zimesahihishwa mara nyingi. Zina orodha ya maneno ya kawaida takriban 900, mbali na majina ya vifaa, na msingi wake mkuu ni huu: neno moja, maana moja. Kitenzi cha kuanguka kinaruhusiwa kwa kitu kinachodondoka chini, na hakiruhusiwi kwa joto linalopungua. Hakuna aliyelalamika kwamba Kiingereza kimedhalilishwa. Walijua kwamba fundi akielewa vibaya, ndege yenye abiria ndiyo itakayolipa.

Kiswahili kinaihitaji kanuni hiyo sana. Tazameni kitenzi "funga" peke yake. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga Ramadhani, tunafunga bao. Na mafundi wanasema "kufunga pampu" wakimaanisha kuisimika mahali pake. Sasa mwongozo ukisema "Funga pampu kisha fungua valvu," nimeambiwa niisimike au niizime? Mswahili mzoefu atapambanua kwa muktadha. Mgeni wa lugha hana muktadha wa kutosha, kwa sababu muktadha wenyewe ndio anaojaribu kuusoma. Maneno ya zamani tu yanatosha kumsumbua. Hayahitaji kuongezewa mzigo wa maneno tuliyoyabuni jana usiku.

Najua majibu yatakayotolewa, na nitayajibu moja baada ya jingine.

La kwanza ni kwamba lugha hukua kwa kubuni maneno, na kwamba anayekataa maneno mapya anataka Kiswahili kibaki mtumwa wa Kiingereza. Nakubali nusu ya kwanza. Mimi mwenyewe najivunia neno "ukimwi". Lilibuniwa, tena kwa mtindo mpya wa kuunganisha vipande vya maneno, na leo linajulikana kutoka pwani hadi Goma. Lakini tujiulize kwa nini lilifaulu. Kila lilipotajwa lilifafanuliwa: upungufu wa kinga mwilini. Neno lilikuja na maana yake mkononi. "Kitakasa mikono" kilipoenea mwaka 2020, hakuna aliyeuliza ni nini, maana jina linasema kazi yake. "King'amuzi" kilieleweka kwa sababu kung'amua tulikuwa tunakujua, na kwa sababu bila kukinunua mtu hakuona televisheni yake. Hata "kishikwambi", neno ambalo mtu hawezi kulipasua akapata maana, lilienea Tanzania. Katika sensa ya Agosti 2022 makarani walipewa kifaa chenyewe mikononi na kuambiwa hiki ndicho kishikwambi, na baadaye vifaa hivyo vikaenda kwa walimu. Kitu kilitangulia, jina likafuata. Mwongozo unaotumwa Arua hauna karani wa kukuonyesha kitu. Una karatasi tu. Ndiyo maana neno lililofaulu mkononi mwa karani linaweza kufeli kabisa kwenye karatasi.

Jibu la pili ni kwamba maneno ya kuchekesha huondoa uchovu wa kusoma. Huenda, kwa mtu anayeyaelewa. Asiyeyaelewa huchoka mara mbili, kwa somo na kwa mzaha. Tena huona aibu, kwa kuwa anahisi wenzake wanacheka naye hajui wanachekea nini. Kama mnataka kumwondolea uchovu, fupisheni sentensi na mchore picha.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Wapo wanaosema kwamba asiyeelewa akajifunze, maana Kiswahili sanifu si cha kila mtu. Mwongozo si mtihani. Mama anayesoma pakiti ya chumvi ya kumpa mtoto anayeharisha hakuja kupimwa msamiati. Anataka kujua kwamba pakiti moja inachanganywa na lita moja ya maji safi. Ukiandika "kimumunyisho" pale ambapo "maji" yangetosha, umempima yeye, na mtoto ndiye atakayepewa alama.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito zaidi ya pampu na simu. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa wazee wengi lugha hii ilibaki kuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Tumekaa miaka mingi tukijaribu kuisafisha sifa hiyo. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifanywe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Milango imefunguliwa na wanasiasa, lakini hakuna anayependa lugha kwa sababu ya tangazo la serikali. Mtu huipenda lugha siku ilipomsaidia. Siku aliposoma maelezo ya Kiswahili na pampu ikavuta maji. Siku alipofuata maelekezo na fedha zikamfikia mama yake kijijini.

Na kinyume chake ni kweli pia. Kila mwongozo wa Kiswahili usioeleweka humrudisha msomaji kwenye ukurasa wa Kiingereza ulio upande wa pili, ambao nao haumwelewi vizuri, lakini angalau anajua kwamba ule ni wa kigeni. Hamlaumu mwandishi, anajilaumu mwenyewe. Anasema, "Kiswahili kigumu, kina wenyewe." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi, na kila ninapoisikia najua kwamba kuna mwandishi mahali fulani aliyeshangiliwa kwa ubunifu wake.

Kwa hiyo natoa madai yangu waziwazi. Tunapoandika mwongozo kwa ajili ya wasomaji wa nchi hizi, tutumie neno ambalo watu tayari wanalitumia kwa kitu hicho, hata kama limetoka Kiingereza: pampu, valvu, betri, kompyuta. Tuchague neno moja kwa kitu kimoja na tusilibadilishe kwa ajili ya kupamba. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudiarudia neno ni udhaifu, lakini ndani ya mwongozo kurudia ni uaminifu. Neno jipya likilazimika, lifafanuliwe pale linapotokea kwanza, kwa maneno mepesi na kwa mchoro, wala lisiachwe lisubiri faharasa ya mwisho wa kitabu. Mifano itumie majina ya vitu halisi, bei na idadi na shamba na mtoto, si nanihii wala vichekesho vya watu wa mbali. Na kabla ya kuchapa, apewe mtu mmoja ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, asome kwa sauti huku akifanya kazi hiyo kwa mikono. Mahali atakaposimama ndipo mwandishi amekosea.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Vyombo vyetu vya lugha, BAKITA huko Tanzania na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki huko Zanzibar, vina kazi yao ya istilahi, na wataalamu wake wanajua kuifanya. Sisi wa mwaka wa pili na wa tatu tupimeni kwa jambo jingine. Mkitupa zoezi la kutafsiri mwongozo, msihesabu maneno mapya tuliyoyazua. Mpeni fundi tafsiri zetu, pamoja na pampu, na mumpe alama za juu yule ambaye mashine yake imevuta maji.